Kupanda kwa Mama Adelaïde

Watu wa Kashebere watakuambia kwamba Mama Adelaïde alishinda kesi kwa kuanguka. Ni kweli, lakini wanaisimulia vibaya. Wote wanaanzia pale kwenye kuanguka, wanacheka mpaka wanashika mbavu, na yaliyotangulia wanayasahau. Mimi nitaanzia panapostahili, yaani kwenye shingo.

Shingo ya Adelaïde mwenyewe. Tangu alipokuwa msichana kwao Bihambwe, alibeba mizigo jinsi wanawake wa milima ile wanavyobeba: kitunga mgongoni, kamba ikipita juu ya paji la uso, macho chini kwenye vidole vya miguu. Alipoolewa na Léonard akahamia Kashebere, pale Walikale inapokutana na Masisi na kila mtu ana kitu cha kuuza kando ya barabara, kamba ile alihama nayo. Maharage na mihogo kwenda sokoni, chumvi na sabuni kurudi. Ikifika jioni, shingo inakataa kugeuka. Mtu akimwita kutoka nyuma, ilimbidi azunguke mwili mzima, na Rosalie, wifi yake, dada wa Léonard, alikuwa akimtania kwamba anageuka kama kabati linalohamishwa.

Basi, baada ya mavuno mazuri ya maharage, akanunua kinga. Kinga ndilo jina la baiskeli kwetu milimani. Alifika nayo sokoni akiisukuma kwa madaha, na wanaume waliokuwa wamekaa mbele ya duka wakaanza.

"Mama, kinga haiko kitu ya mwanamuke. Utaipanda na kitenge?"

"Nitaipanda," akajibu Adelaïde, "na mutaniona."

Hapo ndipo alipojitia kitanzi. Angeweza kusema amenunua kinga ya kusukumia mizigo, yakaisha. Lakini Adelaïde ni mtu ambaye ukimwambia jambo haliwezekani, ulimi wake unakimbia mbele na miguu inabaki nyuma ikijiuliza itafanyaje.

Alijaribu, mniamini. Alijaribu nyuma ya nyumba, kwenye shamba la mihogo, na Léonard peke yake ndiye shahidi. Akaanguka upande huu. Akainuka, akaanguka upande ule. Mara ya mwisho Léonard alimkuta amelala chali katikati ya mihogo, kinga juu yake, gurudumu la mbele likizunguka bila haraka. Léonard ni mtu mpole anayependa amani ya nyumba yake, kwa hiyo hakucheka. Alimwinua mkewe, akainua na kinga.

"Hii maneno ibakie hapa," akasema Adelaïde.

"Imebakia," akasema Léonard.

Na kweli ilibakia. Kuanzia siku hiyo Adelaïde akawa anasukuma. Léonard alimfungia kijiti kwenye usukani ili aushike kwa mbali, na kingine kikasimama nyuma ya kiti kwa ajili ya kusukumia. Mifuko ilining'inia huku na huku. Pedeli ya kushoto ilikuwa inampiga kwenye muundi wa mguu kila hatua, basi Léonard akaing'oa. Breki zilipokufa hakuna aliyeziombolezea, maana kwenye mteremko breki ni visigino vya mama mwenyewe. Baada ya muda shingo ikalegea. Adelaïde akaanza tena kuona milima, na watu, na mbingu, vitu ambavyo mwenye kamba kwenye paji la uso havioni. Aliipenda kinga ile, tuseme ukweli, kuliko alivyowapenda baadhi ya ndugu wa mumewe.

Tatizo lilikuwa ulimi. Watu walipomuuliza mbona hawajamwona akipanda, alijibu kwamba mzigo ni mzito. Yeye hupanda kule mbele, kwenye tambarare, akishatua. Rosalie hakutosheka na jibu hilo. Rosalie alitaka kujua kunakuwaje. Basi Adelaïde akamwelezea: upepo unaingia ndani ya kitenge, miti inakimbia kurudi nyuma, machozi yanatoka bila mtu kulia. Rosalie aliyapokea maneno hayo akayapeleka kwenye kwaya, kwaya ikayapeleka sokoni, na Adelaïde akawa mwanamke anayejulikana njia nzima kwa kupanda kinga. Sitasema kwamba sifa hizo zilimchukiza.

Sasa twende kwenye mayai.

Ilikuwa siku ya soko, mvua imenyesha asubuhi. Adelaïde alikuwa anasukuma unga wa mihogo kwenye kile kilima cha kabla ya kufika kijijini. Alitembea upande wa kushoto, kama mama yake alivyomfundisha tangu utotoni, ili awaone wanaokuja mbele yake, maana kwetu magari hupita kuume. Juu akatokea Élie, kijana wa pikipiki, akishuka kwa mbio, nyuma yake trei za mayai ya shangazi yake zimefungwa kwa mpira. Élie akaona kinga inamjia upande wake wa barabara. Akakata kona, tope likampokea. Élie aliinuka mzima. Mayai hayakuinuka. Kuku wa jirani walikuja kutazama, wakaondoka wakilalamika.

Pale chini ya kilima kuna bariyeri, kizuizi cha polisi barabarani, na kwenye bariyeri alikuwepo Viateur, polisi kijana, safi, mwenye heshima, aliyekuwa ametoka kwenye mafunzo ya sheria za barabarani na tangu arudi alikuwa hajapata mtu wa kuzitumia juu yake. Alipanda kilima akiwa na kitabu cha sheria mkononi.

"Mama, ulikuwa unafanya nini kwa barabara?"

"Nilikuwa napanda," akajibu Adelaïde, huku akihema.

Basi. Neno moja. Alikuwa anapanda kilima, na kilima chenyewe hiki hapa, kila mtu anakiona. Lakini Viateur alisikia kupanda kinga, na kwa nini asisikie hivyo? Kiswahili kimetupa neno moja la kupanda mlima, kupanda kinga na hata kupanda maharage, kisha kikatuacha tujitegemee.

"Donc ulikuwa unapanda," Viateur akarudia, akiizunguka kinga. "Kwa mukono ya kushoto. Breki hakuna. Na pédale moja iko wapi?"

Bado Adelaïde angeweza kusema. Alikwisha kufungua mdomo. Lakini Rosalie alikuwa amefika akikimbia, na kwaya nusu nzima nyuma yake, na aliposikia neno la mwisho akadakia kwa fahari, "Anapanda! Njo yeye peke yake anapandaka kinga huku kwetu!" Wanawake wakaitikia. Adelaïde akafunga mdomo. Mzigo wa unga ulibebwa nyumbani na wasamaria, na kinga ikaegemezwa ukutani kwenye bariyeri, ikisubiri mahakama.

Kitunga kikashuka tena kutoka darini. Kamba ikarudi kwenye paji la uso. Katika wiki hizo Adelaïde alipita kwenye bariyeri kila siku ya soko akiwa ameinama, na kwa pembe ya jicho aliiona kinga yake ikishika kutu, na moyo ulimuuma kama vile ameacha mgonjwa kwa watu asiowajua. Shingo ikaanza kukataa. Siku moja Léonard alimwita kutoka nyuma, akageuka mwili mzima.

"Sema tu ukweli," Léonard akamwambia.

"Wote watanicheka mpaka nife."

"Watacheka," akakubali Léonard, ambaye hajui kudanganya hata kwa kumfariji mtu.

Mahakama ya kuzunguka ilipofika Kashebere, ilikaa kwenye ukumbi wa kanisa. Hakimu alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, Madame Juge Hélène, aliyetoka mbali kwa barabara mbaya na matope yalikuwa bado kwenye viatu vyake. Wenye kugombania mipaka ya mashamba walikwisha sikilizwa, na kwa kawaida watu wangekuwa wameondoka. Hakuna aliyeondoka. Kesi ya kinga ilijaza ukumbi mpaka madirishani.

Élie alieleza habari ya mayai. Viateur alieleza habari ya sheria. Kisha hakimu akamgeukia Adelaïde.

"Mama, siku ile ulikuwa unafanya nini kwa barabara?"

"Madame Juge, nilikuwa napanda."

Alikuwa amejiapia kusema jingine. Lakini ndilo neno lililotoka, kwa sababu ndilo neno la kweli, na pia kwa sababu lilikuwa linaficha.

Rosalie hakungoja kuitwa. "Madame Juge, miye niko shahidi! Huyu mama anajua kupanda kinga kupita banaume! Ananielezaka bile upepo inaingia mu kitenge!"

"Wewe mwenyewe ulimuona akipanda?"

"Kumuona, hapana. Lakini ananielezaka muzuri sana."

Hakimu aliinama kidogo, labda alikuwa anatafuta kalamu. Alipoinua uso alizungumza polepole.

"Mama Adelaïde, sikiliza. Kama ulikuwa juu ya kinga, sheria inakuhesabu sawa gari: nafasi yako iko kuume. Ulikuwa kushoto, basi kosa iko yako, na kinga haitarudi leo. Lakini kama ulikuwa chini, unaisukuma, uko piéton, muntu wa miguu. Kushoto njo nafasi yako, uone wenye kukuya mbele. Hapo ni huyu kijana njo alipashwa kupunguza mbio. Sasa uniambie: ile kupanda, ni kupanda gani?"

Ukumbi ukamtazama Adelaïde. Aliwaona wanaume wa mbele ya duka. Aliiona kwaya nzima. Alimwona Rosalie, ambaye uso wake uling'aa kama wa mtu anayesubiri ndugu yake apewe zawadi. Upande mmoja ni jina lake, upande wa pili ni shingo yake, na vyote viwili hakuweza kutoka navyo mlangoni.

"Nilikuwa napanda mulima," akasema. "Kwa miguu. Nilikuwa nasukuma."

Viateur akasimama. "Madame Juge, pardon. Kila muntu hapa anajua huyu mama anapanda kinga, na yeye mwenyewe anasema kila siku. Leo, juu ya kuokoa kinga, njo amekuwa piéton?"

"Anapanda!" akapaza Rosalie, akidhani anamtetea.

"Rosalie, nyamaza," akasema Adelaïde. "Sijui kupanda kinga. Sijapandaka hata siku moja."

Léonard, aliyekaa nyuma kabisa, akatazama dari. Kisha kelele zikalipuka: anadanganya, anajiokoa, mwanamke huyu ni mjanja! Angalia dunia. Miaka yote alipodanganya walimwamini, na siku aliposema kweli wakamwita mwongo.

Hakimu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya joho lake.

"Twende inje," akasema. "Na kinga ikuye."

Mahakama nzima ikahamia uwanjani, mteremko mdogo kati ya kanisa na bustani ya pasta. Kinga ililetwa. Adelaïde alikaza kitenge, akaishika, na kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya mihogo akainua mguu juu ya chuma. Mguu wa kulia ukaipata pedeli. Mguu wa kushoto ukaitafuta ile isiyokuwepo, ukatafuta, ukatafuta, na kinga ikaona isingoje. Ikaondoka. Viateur alikuwa amesimama chini ya mteremko, kitabu cha sheria kimefunguliwa, tayari kushuhudia. Adelaïde alikumbatia usukani kwa mikono yote miwili kama mbuzi anayetaka kutoroka, akapiga kelele "Léonard!", na mama, kinga, polisi na sheria vikaingia pamoja kwenye viazi vitamu vya pasta.

Sitaweza kuwaeleza kicheko kile. Wanaume wa mbele ya duka walishikana mabega wasianguke nao. Kwaya ilicheka kwa sauti zote nne. Hakimu alikuwa amewapa watu mgongo, na joho lake lilikuwa linatikisika.

Élie ndiye aliyefika wa kwanza kumwinua Adelaïde, machozi yakimtoka kwa kucheka. Akageuka.

"Madame Juge, miye nafundishaka bantu pikipiki. Muntu mwenye anajua, akiona anaanguka anaitupa, anajilinda. Huyu mama ameikumbatia mpaka chini. Hajui, kweli hajui. Ile siku alikuwa anasukuma." Akasita, akakuna kichwa. "Na miye nilikuwa na mbio."

Hapo kesi ingekuwa imekwisha, lakini Viateur alikuwa mtu makini. Alitoa jani la kiazi kwenye kola, akafuta kitabu chake, akauliza kwa adabu swali ambalo, hakimu mwenyewe alikiri, lilikuwa swali la maana. Sheria inasema dereva ni yule anayeongoza chombo barabarani. Mama alikuwa na kijiti kwenye usukani. Alikuwa anaongoza. Je, anayeongoza kwa miguu si dereva pia?

Watu wakasogea karibu, maana hata wao waliona kwamba sasa kuna jambo.

"Tujiulize juu ya nini sheria inaweka kinga kuume," akasema hakimu, akirudisha miwani. "Ni kwa sababu inakimbia pamoja na vyombo zingine, inafuatana nazo. Kinga yenye kusukumwa haikimbii, inaenda na miguu ya mwenyewe. Ile iko muzigo wenye magurudumu. Kama mama huyu angebeba ule unga kwa kitunga, ungemuandikia kosa ya breki?"

"Hapana, Madame Juge."

"Basi kuongoza, mu sheria hii, ni kuongoza chombo yenye inakubeba. Yenye wewe njo unaibeba, uko piéton. Frein na pédale ni za siku atapanda. Siku hiyo, Mama, ziwe mbili mbili, na uende kuume. Leo kinga irudie."

Adelaïde aliishika kinga yake, yenye majani ya viazi kwenye mnyororo, na akalia mbele ya watu bila kuona haya. Kabla hajafika barabarani jina jipya lilikuwa limekwisha mtangulia. Mama Piéton! Watoto waliliimba, wazee walilijaribu mdomoni. Aliwaacha waimbe. Jambo lililomkata ni moja tu: Rosalie alikuwa ameondoka bila kumngoja.

Alimkuta njiani, akitembea peke yake. Adelaïde akasukuma kinga mpaka wakawa sambamba.

"Na upepo?" Rosalie akauliza bila kumtazama.

"Niliiwaza tu."

"Miti zenye kukimbia nyuma?"

"Pia. Unisamehe, dada."

Rosalie alitembea kidogo. "Miye sikukasirika juu ya bongo, juu ya kudanganywa," akasema. "Nilikuwa nangojea. Kila siku nilisema, kesho njo atanifundisha."

Adelaïde alisimama katikati ya kilima, kinga ikamwegemea kwenye nyonga, na akaona aibu ile halisi, siyo ile ya viazi. Hakuwa amejua kwamba maneno aliyoyatoa kwa kujikinga na wanaume wa dukani, kuna mtu aliyachukua akaenda kuyalalia.

Kesho yake alimpelekea shangazi wa Élie kuku wa kutaga, ingawa hakimu hakumwagiza, na akamkuta Élie mwenyewe pale uani.

"Ulisema unafundishaka bantu," akamwambia. "Tuko bawili."

Léonard akarudisha pedeli. Breki zikafungwa, mbele na nyuma. Kwenye uwanja wa mpira, wakati watoto wako shuleni, wanawake wawili wazima walianguka kwa zamu, na kwa kweli Rosalie alianguka vizuri zaidi. Sokoni walicheka tena, lakini kicheko kikishatumika sana hakiumi.

Siku ilipofika, Adelaïde alikuwa ameshatua mzigo. Kulikuwa na tambarare ile ile aliyoitaja miaka yote, njia ikinyooka kuelekea bariyeri. Rosalie alishika kiti nyuma, akakimbia naye, kisha akaachia bila kumwambia. Adelaïde alikuwa upande wa kuume. Pedeli zilikuwa mbili. Na upepo ukaja, ukaingia ndani ya kitenge. Miti ikaanza kukimbia kurudi nyuma. Machozi yakamtoka, na hakuwa analia, au labda alikuwa analia kidogo. Kumbe kulikuwa hivyo hivyo. Miaka yote ile hakumdanganya Rosalie hata kwa neno moja, ila alikuwa amelisema tu kabla ya wakati wake.

Viateur alimwona akija, akasimama wima, akafungua bariyeri mpaka mwisho.

"Mama Piéton! Uko unafanya nini kwa barabara?"

"Napanda!" akapaza Adelaïde, akipita. "Andika, Papa Viateur! Leo napanda!"

Nyuma yake Rosalie alikuwa anakimbia, kitenge mkononi, akipiga kelele kwamba inatosha, ashuke sasa, ni zamu yake. Lakini kushuka, hilo Élie alikuwa bado hajawafundisha.